Jumamosi za Kumkagua Limi

Mwaka huu tumemzika mama mdogo. Watu walipotawanyika, mdogo wangu Masanja aliniletea baiskeli ya gia, ya mtumba lakini nzima, akaiegemeza ukutani na kuniambia kwamba umri wangu sasa si wa kuhangaika na lile lichuma la baba. Nilimjibu kuwa lichuma hilo ndilo lililomlea. Jumamosi iliyofuata nilitoka kuijaribu. Sikupanga niende wapi, lakini nyumba zilipokwisha niligeuza kulia, nikaanza kupanda kilima cha mawe, na nikajua tayari nimeingia kwenye mzunguko wangu: kutoka kwetu pembezoni mwa Ilembo, juu ya kilima, chini mbugani, kuvuka mto kwenye magogo, kupita mashamba ya tumbaku, halafu kurudi nyumbani kwa upande wa pili. Njia hiyo nimeipita mara nyingi kuliko njia ya kanisani.

Ukishavuka magogo, kabla hujaona paa lolote, harufu ndiyo hukupokea. Ni harufu ya bani, kile kibanda kirefu cha udongo ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto. Haifanani na ya sigara hata kidogo. Ni tamu na nzito, kama asali iliyomwagikia majivu ya moto. Mtu aliyekulia Mpanda anaijua. Mimi ikinifikia huwa natazama kama kucha zangu ni safi, kwa sababu miaka ile ilikuwa na maana moja tu: nimekaribia kwa mama mdogo, na muda si mrefu nitamkagua Limi.

Kukagua nilifundishwa na baba. Baba alikuwa Msukuma, mtu wa ng'ombe, aliyehamia huku na kaka yake kabla sijazaliwa. Ng'ombe wake hawakuwa wengi, na hakuwaweka mahali pamoja. Baadhi walikuwa kwa kaka yake huyo, baba yetu mkubwa, ng'ambo ya kilima. Wengine walikuwa kwa rafiki yake karibu na mto. Ndivyo watu wake walivyofanya: unawafugisha kwa watu, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usikumalize. Anayekufugia hunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe hubaki wako, na ndama wake pia.

Kila Jumamosi baba alizunguka kuwaona. Mimi alinikalisha mbele yake kwenye bomba la baiskeli, juu ya gunia lililokunjwa, nikashika usukani katikati na kuamini kuwa ninaendesha. Tulipofika hakukimbilia zizini. Alisalimia, akanywa maziwa, akauliza habari za mvua, ndipo akaenda kutazama. Aliwapapasa mbavu, akainua kwato, akauliza wanakunywa maji ya wapi. Mwisho alishika sikio la kila mmoja na kutazama mkato wake, maana kila mwenye ng'ombe alikuwa na alama yake ya sikio, na yetu ilikuwa pembe ndogo kama jino la msumeno. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunahangaika kila wiki wakati wale ni ndugu na rafiki. Alisema kwamba mwenyewe asipopita, anayefuga huanza kuwaona ni wake. Si kwa ubaya. Macho huzoea tu.

Baba alifariki, na msimu uliofuata mama akamfuata. Ng'ombe walikwisha wakati wa kuuguza. Tulibaki watatu: mimi mkubwa, Masanja aliyekuwa ameanza kuota meno ya mbele ya kikubwa, na Limi ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia bila kuanguka. Matanga yalipokwisha, wakubwa wakakaa kikao uani. Sisi tulikuwa nyuma ya jiko, na maneno yalitufikia vipande vipande. Nilimsikia baba mkubwa akisema si vizuri kuwaweka watoto wote mahali pamoja, njaa ikiingia hapo itawamaliza wote. Masanja angemchukua yeye. Limi aende kwa mama mdogo, ambaye mumewe alikwenda machimboni asirudi, na hakuwa amejaliwa mtoto. Mimi nibaki na bibi, mama yake baba, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa na alihitaji mtu. Kisha akaongeza kwamba popote watakapokaa, hawa bado ni watoto wa marehemu, hakuna anayewachukua moja kwa moja.

Bibi alilia. Mimi nilifarijika, kwa sababu nilielewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Tulikuwa tumefugishwa. Wanaotufuga wangenufaika nasi kidogo, wadogo zangu wangetumwa maji na kuni, lakini wangebaki wetu. Na kwa kuwa baba hayupo, mwenyewe alikuwa nani kama si mkubwa aliyebaki?

Basi nikachukua baiskeli. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza: shamba la mahindi lilibaki mikononi mwangu, na siku moja nilitundika sare msumarini nikaenda kupalilia. Baiskeli ya baba ilikuwa nyeusi, nzito, ndefu kuliko mimi. Mwanzoni niliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba, mwili umepinda upande mmoja kama kaa. Wanawake wa jirani walimuuliza bibi kama hanionei huruma. Bibi aliwajibu kuwa amenikataza, na mimi siku hiyo nilikuwa nimekwisha kufika kileleni.

Nilipata mengi kwenye mzunguko ule ambayo sikwenda kuyatafuta. Kupanda kilima kulikuwa kazi ya kusukuma, mawe yanakimbia chini ya miguu, mbung'o wananing'ang'ania mgongoni mpaka niwapige kwa tawi. Lakini juu kulikuwa na upepo. Kabla ya mvua, miti ya miombo huchipua majani mekundu, na kutoka pale msitu mzima ulionekana kama umeanikwa nguo za sherehe. Na ukishapita kwa baba mkubwa, njia ya ng'ombe ilishuka moja kwa moja mpaka mbugani, imelainishwa na kwato. Pale niliachia breki. Nilipiga kelele peke yangu, mdomo umejaa upepo, na kwa muda ule wa mteremko sikuwa yatima wala mkubwa wa mtu yeyote.

Kituo cha kwanza kilikuwa Masanja. Nilisalimia, nikanywa maziwa, nikauliza habari za mvua kwa sauti ambayo nafikiri ilimpa baba mkubwa shida ya kutocheka. Kisha nilimwita Masanja, nikampapasa mbavu na kumwinua mguu kutafuta funza.

"Dada, mimi si ndama," alisema, wenzake wa machungani wakiangua kicheko.

"Lete na wa pili."

"Nikikupiga teke je?"

"Ndama wa mateke hufungwa kamba."

Masanja hakunipa wasiwasi. Alikuwa ananenepa, anajua ng'ombe wote kwa majina, na kila nilipoondoka alikimbia kando ya baiskeli yangu mpaka mwanzo wa mteremko. Wasiwasi wangu ulikuwa Limi.

Mama mdogo alikuwa Mbende kama mama yetu, watu wa mashamba waliokuwa hapa zamani kabla ng'ombe wetu hawajafika. Ng'ombe aliwaogopa. Akiwaona njiani aliingia porini mpaka wapite. Alikuwa mwembamba, si msemaji sana, na mikono yake ilikuwa na utomvu mweusi wa tumbaku usiotoka kwa sabuni. Nilipofika, Limi siku zote alikuwa safi kupita kiasi: amepakwa mafuta, nywele zimesukwa upya, gauni limekauka juani mpaka limekuwa gumu. Baba aliwahi kunisimulia habari za mfugaji mmoja aliyemwogesha ng'ombe mtoni kila aliposikia kengele ya baiskeli ya mwenyewe. Kwa hiyo usafi ule haukunituliza. Nilimkagua Limi mara mbili. Nilitazama nyayo, tumbo, meno na nyuma ya masikio. Nilimuuliza mama mdogo mtoto anakunywa maji ya wapi na asubuhi alikula nini. Alijibu yote taratibu akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mtendaji.

Na bado macho yalikuwa yanazoea. Limi alianza kumwita mama. Nilimrekebisha: huyu ni mama mdogo. Alinitazama, akasema tena, "Mama," akaenda kujificha kwenye kanga yake. Mama mdogo aliinamisha uso asinitazame. Niliporudi nyumbani nilimwambia bibi kuwa kule kwa Limi mambo hayaendi vizuri. Bibi aliuliza kama mtoto ana njaa. Nilisema hapana. Kama anapigwa. Nilisema hapana. Bibi akaniambia nichambue mchicha.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Mto ulipanda ukafunika magogo, njia ya upande wa mashamba nayo ikakatika, na Jumamosi kadhaa niliishia ng'ambo, nikitazama maji ya rangi ya chai yakibeba matawi, moshi wa jiko la mama mdogo ukionekana kule juu ya mashamba. Nilikuwa nimerefuka, sasa nilipitisha mguu juu ya bomba na kukanyaga pedeli kwa ncha za vidole. Maji yalipopungua nilivuka nimebeba baiskeli begani, nikafika nimelowa. Limi alikuwa amekaa mkekani anamenya karanga. Alipogeuka kunitazama, nikaona masikio yake.

Yalikuwa yamevimba kidogo, yanang'aa mafuta, na katika kila ndewe kulikuwa na kijiti kifupi cha ufagio.

Mama mdogo alitoka jikoni akitabasamu, jambo ambalo hakulizoea. Alisema Limi amekuwa binti sasa, hakulia sana, na masikio yakipona atamtafutia hereni ndogo sokoni Kashaulili. Nilisikia maneno hayo kama yanatoka mbali. Nilikuwa nimekosa wiki chache tu, na tayari alikuwa ametiwa alama. Si alama yetu. Na masikio yote mawili, ili asije mtu akabisha.

Sikukaa, sikunywa hata maji. Niligeuza baiskeli na kurudi nilikotoka, nikipanda ule mteremko wangu kwa mara ya kwanza maishani. Ulikuwa mrefu sana kuupanda. Nilisukuma, nikalia, nikasukuma.

Baba mkubwa alikuwa zizini, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Baba," nilimwambia, "Limi ametiwa alama."

"Alama ya nini?"

"Mama mdogo amemkata masikio. Yote mawili."

Aliweka kibuyu chini bila kutazama anakiweka wapi, kikalala, maziwa yakamwagika. Masanja alikuwa karibu, akaanza kulia. Baba mkubwa hakumuuliza mtu lolote zaidi. Alichukua baiskeli yake, ambayo haikuwa na breki tangu niijue, akashuka ule mteremko amenyoosha miguu yote miwili pembeni, shati limejaa upepo mgongoni. Mimi nilimfuata, na hata katika hali ile niliona kwamba mtu mzima naye, njia ile inamfanya mtoto.

Tulimkuta Limi bado kwenye mkeka na karanga zake. Baba mkubwa alimnyanyua, akamgeuza kichwa huku, akamgeuza kule. Akagusa kijiti. Kisha akamweka chini, naye akakaa palepale kwenye vumbi na kuanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, akisema kwamba sisi tutamuua, maziwa yamemwagika, ng'ombe amemwachia Masanja, na yeye ameshuka mlima kama mwehu kwa sababu ya ufagio.

Mimi sikucheka. Nilisimama nimeshika usukani nikasema kile nilichokuwa nacho: kwamba anayekufugia hana ruhusa ya kutia alama. Kwamba sisi tuliwekwa kwa watu kama ng'ombe wa baba, tunabaki wa kwetu, na mimi ndiye ninayezunguka kwa niaba yake. Nimekuja kila Jumamosi isipokuwa zile za mto. Na sasa Limi ana alama ya watu wengine, hata nikimpeleka nyumbani nitamdai kwa lipi.

Baba mkubwa aliacha kucheka. Alitazama chini, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe ya kikao yakirudi na umbo jingine.

"Njoo hapa," mama mdogo aliniambia.

Nilisogea. Alinishika sikio kwa vidole vyake vyeusi vya tumbaku, taratibu, vilevile nilivyokuwa nikimshika Limi.

"Hili nani alilitoga?"

Nilisema mama. Sikukumbuka, lakini angekuwa nani mwingine?

"Mama yako alikimbilia nyuma ya bani akaziba masikio yake asikusikie ukilia. Dada alikuwa mwoga wa sindano, huyo. Nilikutoga mimi. Nilikuwa binti mdogo kama ulivyo sasa, mkono unatetemeka, ndiyo maana tundu hili limekaa chini kuliko lile." Akaligusa na la pili. "Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kwangu."

Nilipapasa masikio yangu. Ni kweli, tundu moja liko chini. Nilikuwa nimeishi nalo miaka yote bila kujua ni kazi ya nani. Na kwa hesabu yangu mwenyewe, ile niliyokuwa nimeisimamia kwa ukali dakika moja iliyopita, mimi nilikuwa wa mama mdogo kabla Limi hajazaliwa. Nilizunguka kila wiki kukagua watu, na mwenye alama ya mtu nilikuwa mimi.

"Kwa hiyo mimi ni wa nani?" niliuliza.

Baba mkubwa alijikung'uta vumbi na kuniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama au binti wanayempenda. Mama mdogo ndiye aliyesema. Alisema kwamba tangu kikao kile hajalala vizuri Ijumaa hata moja. Kila Jumamosi akisikia kengele yangu mtoni, anajua leo ndiyo siku ya kuchukuliwa mtoto, maana hakuambiwa ni mpaka lini. Kwa hiyo Ijumaa anafua nguo zote za Limi. Asije akaondoka mchafu, watu wakasema alikuwa halelewi.

Nilitazama kamba ya nguo iliyofungwa kati ya bani na mti wa mlimao. Vigauni vilikuwa vimepangwa pale, hata vile vilivyokuwa vidogo tayari.

Baba mkubwa alikunywa maji, akasema anarudi kwa ng'ombe wake, akasukuma baiskeli yake kuelekea mtoni. Mama mdogo aliingia ndani, akatoka na kanga mbili. Moja aliikunja na kuilaza kwenye keria ya baiskeli yangu. Alimnyanyua Limi na kumkalisha juu yake, akamzungushia ile nyingine na kuifunga kiunoni mwangu.

"Mpeleke kwa bibi akamwone. Mvua zimemficha mtoto siku nyingi. Kesho mrudishe."

"Na nisipomrudisha?"

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kuvuta.

"Nguo zake zote zimefuliwa," alisema.

Nilimaliza mzunguko siku ile polepole kuliko siku yoyote. Nilikwepa kila jiwe. Limi aliniegemea mgongoni, mwanzo akigonga visigino kwenye keria, kisha akatulia, na nilijua amelala kwa jinsi kichwa chake kilivyokuwa kizito kati ya mabega yangu. Bibi alipomwona alipiga vigelegele akiwa amekaa. Alimkandakanda miguu, akamsifia masikio, akamlisha viazi mpaka mtoto akakataa. Usiku Limi alilala kati yetu. Nyumba ilikuwa kama zamani, na nilifikiri nimeshinda: nimemrudisha mmoja.

Asubuhi aliamka, akatazama dari, akatazama bibi, akanitazama mimi. Hakulia. Alinyanyuka akaenda kusimama mlangoni, akatazama njia, akauliza, "Mama yuko wapi?" Bibi alinitazama, akangoja. Mimi nilijua anamuulizia yupi. Nilitoka nje nikapima upepo wa matairi kwa kidole gumba.

Hakuna aliyenituma. Niliipitia njia fupi, upande wa mashamba, Limi amefungwa mgongoni akiimba kitu kisicho na maneno. Mama mdogo alikuwa kwenye shamba la karanga lililo kando ya njia, na jembe lilikuwa limelala chini. Alikuwa amesimama tu, anatazama tutokeako. Alipotuona aliokota jembe haraka akaanza kulima, kama mtu aliyekuwa anafanya hivyo tangu alfajiri. Palipolimwa hapakuzidi ukubwa wa mkeka.

Nilifungua fundo nikamteremsha Limi. Alikimbia kwenye matuta, akaanguka, akanyanyuka.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mmekula?"

Nilisema tumekula. Alinionyesha kwa kidevu lilipo jembe la pili, chini ya kivuli cha bani. Nililichukua, nikaanza tuta la pembeni yake, tukalima mpaka jua likawa kali, Limi akitembea kati yetu na kukusanya majani tuliyoyang'oa.